Mchezaji Aliyeacha Mapigo Yapite

Habari za kifo chake zilinikuta Matuga, nikiwa kwenye foleni ya ofisi, nikifuatilia cheti ambacho nimekifuatilia muda mrefu hata kimeanza kunichosha kukitaja. Simu ikaita. Alikuwa dada mwenye duka la fotokopi pale Ukunda, yule ambaye wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamjua kwa kuwa ndiye anayechapa maandishi yangu na kunikosoa bila kuombwa. "Shikamoo, mwalimu," akasema. Nikaitikia marahaba. Akauliza habari za nyumbani, habari za wajukuu, habari za goti langu, moja baada ya jingine, kama afanyavyo mtu wa Kinondo aliyelelewa akaleleka, hata nikadhani amenipigia kwa ajili ya goti. Kisha akavuta pumzi. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwenzetu wa bwawa ametutoka." Nikamuuliza yupi, ingawa tulikuwa na mmoja tu. "Wa bwawa, mwalimu. Wa kobe. Wamemkuta asubuhi chumba cha pampu ameanguka, wakamkimbiza hospitali, hakuiona adhuhuri." Nyuma yangu mtu akaniambia, "Mzee, songa." Nikasonga. Naona haya kusema haya, lakini nilikaa kwenye foleni ile mpaka nikafika dirishani, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Karani akaniambia nirudi kesho.

Marehemu alikuwa mtunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani. Kwao ni Kitui. Alishuka pwani akiwa kijana, kama walivyoshuka wengi, na akakaa huku miaka mingi bila Kiswahili chake kukubali kunyooka. Dada wa fotokopi alimtania kwamba ameishi Ukunda kama mtu aliyeshuka kwenye basi kununua maji. Kazi yake ilikuwa kufika kabla ya wageni kuamka, kuopoa majani kwa wavu wa mpini mrefu, kupitisha bomba la kunyonya uchafu chini ya maji, kuosha chujio, kisha kuchota maji kidogo kwenye kichupa, kuyadondoshea dawa na kutazama yanabadilika rangi gani. Baada ya hapo alisimama. Kutwa nzima alisimama kwenye ukingo, fulana nyeupe, filimbi shingoni, akiangalia watoto wa watu wasizame. Aliwahi kuniambia kwamba kazi yake ikienda vizuri hakuna anayejua kuwa ameifanya. Nilicheka nikamwambia hata uandishi wa safu uko hivyo, naye akanitazama kwa heshima ya mtu asiyekubaliana nawe.

Kilichotukutanisha si bwawa wala safu bali kadi. Na kabla hamjanisema, si karata za kuchezea albastini. Mimi ni mtu wa heshima zangu. Ni zile kadi za kukusanya na kubadilishana, zenye picha za majoka na wachawi na misitu inayotembea, ambazo watoto wa Ulaya huchezea na watu wazima wa Ulaya hujifanya wanawanunulia watoto. Mgeni mmoja alisahau sanduku zima kando ya bwawa. Likawekwa stoo ya vitu vilivyopotea, mwenyewe hakuandika, hakupiga simu, na muda wa kuvitunza ulipokwisha likarudishwa kwa aliyeliokota, kama ilivyo kawaida ya hoteli. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani. Kwa bahati mpishi mmoja wa hoteli hiyo, mtu wa Majoreni, alikuwa amejifunza Kijerumani kwa kuwahudumia wazee wa Kijerumani, akakitafsiri kijitabu kwa mdomo, dada wa fotokopi akaandika, kisha akachapa vipande vya karatasi vyenye majina ya Kiswahili tukavibandika chini ya kila picha. Hivyo ndivyo meza ya nyuma ya duka la fotokopi ilivyopata Joka la Majivu, Nungunungu wa Miiba, Bibi wa Mikoko na Kobe wa Mawe. Tulicheza kila Jumapili alasiri, yeye akishatoka kanisani, dada akishafunga mlango wa mbele.

Kwa asiyeujua mchezo nitasema machache tu. Kila mchezaji huanza na uhai ishirini, na anayefikia sifuri ametoka. Kila kiumbe ana namba mbili, pigo lake na ustahimilivu wake. Ukimtuma kushambulia, unamlaza ubavu kuonyesha kachoka, na hawezi kukulinda mpaka zamu yako irudi. Aliyebaki amesimama unaweza kumweka mbele ya adui apokee pigo badala yako. Likimzidi anakufa na kadi inatupwa pembeni. Usipomzuia adui, pigo linakupata wewe mwenyewe. Mimi, kwa tabia niliyozaliwa nayo, nilipenda majoka. Mara ya kwanza kucheza naye nilimwona anapanga makobe mbele yake, nikamwambia, "Mtu mzima unajificha nyuma ya kobe?" Nikatuma fisi wangu wawili, hakuzuia, akaandika uhai wake umepungua. Nikatuma tena. "Wacha ipite, mwalimu. Hiyo ni ndogo." Akashuka mpaka kumi na moja, akashuka saba, akashuka nne, makobe wamekaa tu kama wamekuja matangani. Kipepeo wake mmoja alikuwa amenidonoa tangu mwanzo bila mimi kumjali, nikabaki na uhai tisa. Nikaona sasa ni wakati wa kumaliza kazi. Nikamtuma Joka la Majivu na wote niliokuwa nao, wote, nikawalaza ubavu kwa kishindo hata chai ikamwagika.

Ndipo aliposogeza kadi kwa mara ya kwanza. Kobe mmoja akamzuia fisi, kobe mwingine akamzuia fisi wa pili, na Joka langu akawekewa kobe wa tatu pamoja na nungunungu, wawili kwa mmoja, jambo ambalo sikujua kwamba linaruhusiwa. Kobe alilibeba pigo, nungunungu akachoma, Joka akafa. Zamu ikawa yake, nami sikuwa na kiumbe hata mmoja aliyesimama. Vijinyama vyake vitano ambavyo nilividharau tangu mwanzo vikavuka meza bila mtu wa kuvizuia, vikaumaliza uhai wangu wote. Mpishi alicheka mpaka akatoka nje. Marehemu hakucheka, alikusanya kadi zangu, akazipanga vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ukizuia kila kitu," akasema, "utabaki na nini ya kuzuia ile kubwa?"

Nilijifunza kwake mengi kuhusu walinzi, nami nayaandika hapa kwa kuwa hakuacha kitabu. Alisema watu wengi wanapogundua ulinzi huulewa, wakajaza fungu lao la kadi kuta na makobe, kisha wakashindwa polepole badala ya kushindwa haraka. Ukuta haushindi mchezo. Ukuta unakupatia zamu chache zaidi, na kama hujui unazitaka zamu hizo za kufanyia nini, bora usingejenga. Alisema mlinzi aliyesimama bila kufanya lolote tayari anafanya kazi, kwa sababu adui anamhesabu kabla ya kuinua mkono, na kwa hiyo si kila mara ni busara kumtumia hata pale anapoweza kutumika. Alisema pia usimtoe kafara mlinzi mzuri ili kuokoa uhai mbili tatu mwanzoni mwa mchezo, eti kwa kuwa inauma kuona namba ikishuka. "Hizi ishirini si maua ya kupamba," alikuwa akisema. "Kumi na tisa ni za kutumia. Ni moja tu ndio ya kulinda." Maneno hayo nilikuwa nikiyapenda sana. Nimeyatumia katika safu hii zaidi ya mara moja bila kusema nimeyatoa wapi, na leo ninakiri.

Sharti moja la meza yetu lazima nilieleze, maana ndilo linaloniondolea usingizi. Hapo mwanzo kila mtu alikuwa mwalimu wa mwenziwe. Mmoja akishika kadi, watatu wanampigia kelele aitupe hii aiache ile, hata siku moja mpishi na mimi nusura tukunjane mashati. Dada wa fotokopi akachapa karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani: MTAZAMAJI HANA MDOMO. Ukiona kosa la mwenzio, humwambii mpaka mchezo uishe. Si kwa neno, si kwa kikohozi, si kwa kuinua nyusi. Atakayevunja sharti anawanunulia wenzake mahamri. Nilinunua mahamri mara nyingi mwanzoni, kisha nikajifunza. Kufikia mwaka huu tulikuwa tumekuwa mabingwa wa kutazama mtu akiangamia huku nyuso zetu zimetulia, na tukajiona waungwana kwa hilo.

Mambo ya presha yake niliyajua. Nisidanganye watu. Wauguzi walikuja siku moja na hema lao karibu na steji ya Ukunda, wanapima watu, naye alipitia hapo akielekea kwetu. Aliingia dukani na kijikaratasi mkononi. "Wamesema iko juu," akasema, akivuta kiti. "Wamenipa dawa, lakini hizo dawa zinakojosha, mwalimu. Niko na watoto kumi ndani ya maji, nitaenda choo mara ngapi?" Dada akamwambia amweleze msimamizi. Akatabasamu. Mkataba wake ulikuwa wa msimu, kama mikataba ya wengi kule hotelini. Wageni wakipungua mnaambiwa mkapumzike, na wakirudi anachaguliwa wa kuitwa. Nani atamwita mtunza bwawa mgonjwa? "Wacha ipite," akasema. "Msimu ukiisha nitazimeza zote." Tukacheka. Mimi mwenyewe nilisema, na nakumbuka nilijiona nimesema la maana, kwamba huyu bwana hata presha anaichezea kobe.

Nimefikiri sana tangu Jumatano ile aliyofariki juu ya kazi za huku kwetu. Ukanda huu wote, kutoka Galu mpaka Tiwi, unaishi kwa kutabasamu. Maelfu ya watu huamka alfajiri wakapiga pasi fulana, wakaenda kuwaonyesha wengine kwamba duniani hakuna shida. Si uongo, ni ufundi, na wanaoufanya vizuri ninawavulia kofia. Lakini ufundi huo hauvuliwi getini pamoja na sare. Mtu huenda nao nyumbani, kanisani, msikitini, mezani kwa marafiki. Sisi wenyeji tuna desturi yetu ambayo sijui kama inatusaidia zaidi au inatusaidia kidogo tu. Ukimuuliza Mdigo hali yake atakwambia njema, kisha akimaliza kukuuliza yako atasema, "Ila mtoto ana homa," "Ila bibi haoni vizuri." Neno la kweli linakuja mwishoni, lakini linakuja, nawe unajua ulisubiri. Marehemu alichukua kwetu lile njema, na ile ila hakuna aliyemfundisha. Wala sidhani kama tungeisikia. Mtu anayestahimili huwafurahisha wote wanaomzunguka, na hakuna anayetaka kumwambia aache.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe. Alikuja kama kawaida, amevaa shati la kanisani, akasema kichwa kinamgonga kwa jua. Alikaa acheze na mpishi, mimi na dada tukawa watazamaji. Aliweka kikombe cha chai kwenye ukingo wa meza upande wa kushoto kikaanguka. Dada akamwambia, "Leo kaka umekuja na mikono ya kuazima," akafuta. Walianza vizuri. Baada ya zamu chache alikuwa na kobe wawili kushoto kwake, wamesimama, wazima, na kulia ana nungunungu na vijinyama vyake. Mpishi akamtuma fisi. Pigo la kati, si dogo si kubwa, na kobe yeyote angelibeba bila kuumia. Hakuzuia. Mpishi akamtazama, akangoja, kisha akapunguza namba. Zamu iliyofuata akatuma fisi na mbwa mwitu. Marehemu akamweka nungunungu mbele ya fisi, nungunungu akafa bure, na makobe wamekaa palepale kushoto hawakuguswa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya bega lake. Nilishangaa. Kisha nikatabasamu, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kuchapwa na mtu huyu na nilidhani namjua: anaacha yapite. Kuna mtego hapa, nikajiambia, mpishi leo atalia. Nikamtupia jicho dada, naye alikuwa anatabasamu vilevile. Tulikuwa tumekaa kama watu wanaosubiri kisa kizuri kifike mwisho.

Akashuka mpaka tisa, akashuka tano. Mkono wake wa kushoto uliokuwa umeshika kadi ulikuwa unalegea taratibu, kadi zinaonekana zote, hata mpishi akageuza uso ili asizione, kwa uungwana. Akashuka mbili. Mpishi akashambulia mara ya mwisho kwa mnyama mmoja tu, dhaifu, kama mtu anayebisha hodi. Makobe wawili walikuwa wamesimama. Marehemu akaziangalia kadi zake za upande wa kulia, zote zimelazwa ubavu, kwa makini sana, moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka hapo hapo jana. "Sina wa kuzuia," akasema. Mimi nikafungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo. Kisha macho yangu yakaenda kwenye karatasi ya dada pale ukutani, nikaufunga. Alishindwa. Mchezo ulipokwisha ndipo nilipomwonyesha makobe, nikamwambia, "Bwana, na hawa je?" Akageuka akawatazama kwa mshangao wa kweli, akacheka kidogo. "Sikuwaona," akasema. Nasi tukacheka naye, kwa kuwa bingwa wa makobe kusahau makobe wake ni kichekesho, na mpishi akasema ataitangaza habari hiyo hoteli nzima. Akaondoka kwa miguu, kama siku zote.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande. Mpishi alinieleza siku mazishi yalipokuwa yanapangwa, tumekaa kwenye ngazi za duka. Siku ya Jumatatu alipitia bwawani akienda jikoni, akaona nusu ya bwawa ni safi kama kioo na nusu nyingine imejaa majani, mstari umenyooka katikati. Marehemu ameshaweka wavu wake ukutani, amesimama ukingoni, filimbi shingoni. Mpishi alidhani ameitwa mahali akakatiza kazi. Msimamizi alimkaripia, akarudi akafanya tena, akaacha nusu ileile. Jumanne hivyo hivyo. "Mimi nilimwona," mpishi akasema, mikono yake haijui ikae wapi. "Nilimwona siku mbili, mwalimu. Nikasema hayanihusu, mtu na kazi yake." Nikamuuliza daktari mmoja ninayemfahamu. Aliniambia mshipa ukiziba au ukivuja upande fulani wa kichwa, mtu anaweza kupoteza upande mmoja wa dunia. Jicho linaona, lakini kichwa hakimwambii kwamba upo. Mtu anakula nusu ya sahani na kushangaa chakula kimekwisha. Nikamuuliza kama tungempeleka Jumapili ileile ingekuwaje. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Pengine angepona," akasema. "Pengine isingebadilisha chochote. Siwezi kukwambia, mwalimu." Na hilo ndilo linalonimaliza. Lau angesema ndiyo, ningejua kosa langu nikalibeba. Lau angesema hapana, ningelala. Sasa sina hata la kushika.

Kwenye ibada ya kumuaga, kabla ya kusafirishwa kwao, bwana mmoja wa hotelini alisimama akatukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakatikisa vichwa. Nilikasirika hata nikatoka nje. Methali hiyo naijua tangu utotoni na sina ugomvi nayo, ila siku ile ilikuwa inasemwa kumhusu mtu ambaye hakuficha kitu. Alituonyesha kijikaratasi cha presha, akasema kichwa kinamgonga, akaangusha kikombe mbele ya macho yetu. Aliacha nusu ya bwawa la hoteli ikiwa chafu, mchana kweupe, mbele ya wageni na msimamizi na mpishi. Angefanya nini zaidi? Tuliokuwa na haja ya kuambiwa methali ni sisi, na mimi sikuiona methali hata moja inayomhusu mtu aliyeona akanyamaza kwa adabu. Dada wa fotokopi amekwisha kuichana ile karatasi ukutani. Nasi hatukumuuliza. Hatujacheza tena tangu siku hiyo, na kusema kweli sijui kama tutacheza.

Wiki iliyopita simu yangu iliita, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa lake. Nilikaa chini kwanza. Alikuwa mkewe, anapiga kutoka Kitui kwa laini ya marehemu, kwa sababu, alisema, namba za watu wa huku zote zimo humo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anapanga mambo. "Wewe ndio mwalimu wa kucheza kadi?" Nikasema ni mimi. Nikampa pole, akaipokea, akanishukuru kwa kuwa rafiki wa mumewe. Alisema kila Jumapili usiku mumewe alimpigia kumweleza nani kamfunga nani. Kisha nikasikia kuku nyuma yake, na mtoto anaambiwa anyamaze. "Nilitaka tu kuuliza, mwalimu. Hiyo Jumapili ya mwisho. Nyinyi ndio mlikaa na yeye. Alikuwa sawa?"

Wasomaji wangu, mimi huishi kwa maneno. Nilikuwa na maneno mengi siku ile, na kila moja nililolishika lilikuwa la kunisaidia mimi. Nikimwambia kweli, nampa mama wa watu mzigo wa kukesha nao maisha yake yote, na hawezi kuufanya lolote, kama nisivyoweza mimi. Nisipomwambia, nimemnyamazia mara ya pili. Nilikaa kimya muda mrefu hata akauliza kama niko. "Niko, mama," nikasema. "Alikuwa sawa. Alicheza vizuri." Akashusha pumzi ndefu. "Asante sana," akasema. "Hiyo ilikuwa inanisumbua. Nilikuwa naogopa labda alikuwa mgonjwa na akakosa mtu wa kumwona."

Sina hekima ya kuwapa leo zaidi ya hii niliyoinunua kwa bei ambayo haikuwa yangu kulipa. Kuna mtu mmoja katika maisha yako ambaye umezoea kusema juu yake kwamba huyo anajua anachofanya. Siku utakayomwona amefanya jambo usilolielewa, usimheshimu. Mshike mkono umuulize, palepale, mbele za watu, na akikasirika umwache akasirike. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kumgusa.